Kwa nini jirani wa Mzee Mbaruku hachekeshi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mmoja wa vijana tunaoandika na kuigiza kichekesho cha dakika 15 kila Alhamisi katika redio moja ya hapa Tanga. Mhusika mkuu ni Mzee Mbaruku, mwenye nyumba ya kupangisha Ngamiani, bahili na mwingi wa majisifu. Yeye na mkewe Bi Tatu wanapendwa mno. Tatizo letu ni jirani yao, Shekue. Tumempa vichekesho vizuri kuliko wote, tumempa hata msemo wake wa kuingilia, "Tanga raha, mwenye karaha ahame!" Studioni tunavunjika mbavu, hewani anapita kama hayupo. Nimekuwa nikisikiliza vichekesho vya redio vya zamani vya Marekani na Uingereza. Mle kuna watu wanatokea dakika moja tu na huwezi kuwasahau, na wengine wapo mwanzo hadi mwisho hukumbuki hata majina yao. Wanatofautiana wapi? Na Shekue tumwondoe? Rekodi tatu nimekutumia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rekodi nimezisikiliza. Vichekesho vya Shekue ni vizuri kweli, na kijana anayemwigiza ana kipaji. Kinachomuua ni kwamba hana shughuli yoyote na Mzee Mbaruku.

Chukua ile sehemu ya paa. Mpangaji analalamika chumba chake kinavuja, Mzee anamwapia kwamba hakuna kuvuja, hilo ni jasho la bati. Hapo nilicheka peke yangu. Mara Shekue anabisha hodi, anatoa msemo wake, anasimulia harusi ya Pangani ambako bwana harusi alisinzia mbele ya shehe, anaaga, anatoka. Mzee anamgeukia mpangaji: "Kama nilivyokuwa nikikwambia." Sentensi hiyo mmeiandika wenyewe, nayo ndiyo inayomshitaki Shekue. Dakika mbili zimepita na Mzee anaendelea pale pale alipoachia. Msikilizaji naye kafanya vivyo hivyo: kamsubiri mgeni aondoke ili arudi kwenye paa.

Jaribio ninalowapa wanafunzi wangu ni hili. Futa mistari yote ya mhusika mdogo, kisha usome kilichobaki. Kama mhusika mkuu hajapata nafuu wala hajazidi kuharibikiwa, basi uliyemfuta hakuwa mhusika. Alikuwa tangazo la katikati ya kipindi.

Sasa twende kwa hao wa zamani, maana umesikiliza vya kutosha na tutaelewana.

Fibber McGee and Molly kilianza Marekani mwaka 1935. McGee ni mtu wa porojo na miradi isiyoisha, na karibu kila kipindi kimejengwa kwa wageni wanaopita mlangoni kwake, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo umbo lake linafanana sana na la kwenu. Lakini angalia wageni wale wanakuja kufanya nini. Gildersleeve, jirani aliyeigizwa na Harold Peary, anakuja kugombana: kila McGee anapojisifu, Gildersleeve yupo kumpunguza, naye ana majivuno yake yanayosubiri kutobolewa. Meya LaTrivia, aliyeigizwa na Gale Gordon, anakuja na heshima zake na maneno makubwa. McGee na mkewe wanajifanya hawajaelewa neno moja, wanampotosha, anajieleza, wanampotosha tena, mpaka mheshimiwa anakanyagana na ulimi wake mwenyewe na kulipuka. Kila mgeni ana kitu anachokitaka kwa McGee au anachokipoteza akiwa pale. Gildersleeve alikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1941 walimpa kipindi chake mwenyewe.

Na katika kipindi hicho ndimo alimo mhusika mdogo ninayempenda kuliko wote, Bwana Peavey wa duka la dawa. Richard LeGrand alimwigiza kwa sauti nyembamba ya puani, ya mtu asiye na haraka. Gildersleeve anaingia dukani amejaa hasira au mapenzi, anataka mtu wa kumuunga mkono. Anamwaga yote, anamaliza kwa hitimisho zito, na Peavey anamjibu: "Hapo sasa, mimi nisingesema hivyo." Basi. Watu walimsubiri wiki nzima kwa ajili ya hilo jibu.

Linganisha na msemo wa Shekue. "Tanga raha, mwenye karaha ahame" unatamba, una vina, unaweza kuandikwa nyuma ya bajaji. Lakini ni salamu. Unaweza kutamkwa mlangoni pa yeyote, siku yoyote, awe Mzee Mbaruku yupo au kasafiri. Wa Peavey hauwezi kutamkwa mpaka Gildersleeve aseme kitu kwanza, na kila wiki anasema kitu kipya, kwa hiyo jibu lile lile kila wiki linampiga mahali papya. Ndiyo maana halikuchosha haraka. Wale wa Uingereza nao walilijua hili. Katika It's That Man Again, kichekesho cha redio cha BBC, alikuwemo Kanali Chinstrap, mlevi mstaarabu, ambaye kila akiambiwa jambo lolote alisikia kana kwamba amekaribishwa kinywaji, akajibu kwamba sitakataa. Bila sentensi ya mwenzake Kanali hana la kusema. Msemo wa mhusika mdogo uwe jibu.

Utaniuliza: lakini kipindi hicho hicho kilijaa watu waliopita na msemo mmoja na kutokomea, mbona walipendwa? Swali la haki. Kilirushwa tangu 1939 hadi 1949, Ted Kavanagh akiandika, na Waingereza walikisikiliza katika giza la vita. Mlango ulilia, mtu akaingia, akasema lake, mlango ukalia tena. Bibi Mopp, mfagizi, aliingia na ndoo kuuliza kama anaweza kumshughulikia bwana sasa, neno lenye tafsiri mbili za kutosha. Wengine hawakuwa na kina chochote. Naona walibebwa na mambo mawili. La kwanza ni kasi; Shekue wenu anakaa dakika mbili, wale waliondoka kabla hujauliza walifuata nini. La pili ni kwamba wote, bila kubaki mmoja, walimjia Tommy Handley, nyota wa kipindi. Yeye ndiye aliyewapokea, akawajibu na kuwatoa, na kila mlango ulifunguliwa kwake. Alipofariki Januari 1949 BBC hawakutafuta mrithi, kipindi kikaishia hapo hapo. Ukikisikiliza leo, mwanangu, utaona pia kwamba mengi yake yamechacha. Vicheko vya wakati wa vita vilitegemea vita.

Mfano utakaowafaa zaidi uko katika Hancock's Half Hour, nayo ya BBC, kuanzia 1954, iliyoandikwa na Ray Galton na Alan Simpson. Hancock, aliyeigizwa na mchekeshaji Tony Hancock, ni mtu mwenye kujiona, anayeamini dunia imemnyima cheo chake. Mwanzoni waandishi walimpa rafiki wa kike: Moira Lister katika mfululizo wa kwanza, kisha Andrée Melly. Wote waigizaji wazuri. Lakini kazi ya msichana ilikuwa kuwa mwenye akili timamu, kumpenda na kumsikitikia. Hakumtapeli Hancock, hakumwonea wivu, hakumwamini kupita kiasi. Alikuwapo tu. Mwaka 1956 nafasi ya mwanamke ikaenda kwa Hattie Jacques kama Bi Pugh, katibu wake: mvivu, mla sana, mkali, asiyemwogopa bosi hata chembe. Ghafla Hancock akawa na mtu wa kushindwa naye nyumbani mwake mwenyewe.

Tazama pia Bill Kerr katika kipindi hicho hicho. Alianza kama kijana wa Australia mwepesi wa maneno, mjanja kuliko Hancock. Lakini ujanja tayari ulikuwa na mwenyewe: Sid James, tapeli anayemuuzia Hancock kila kitu kibovu. Wajanja wawili walikuwa wanakula sahani moja. Polepole waandishi wakampunguza Kerr akili, mwaka hadi mwaka, hata akawa mzito ajabu, na kadiri alivyozidi kuwa mzito ndivyo alivyozidi kupendwa. Mwigizaji ni yule yule na sauti ni ile ile. Alihamishwa tu kutoka kwenye kiti chenye mtu hadi kiti kitupu. Kwa Hancock mpumbavu ni hatari, maana mbele ya mpumbavu anajiona msomi, akishajiona msomi tu ameanguka.

Hapa kuna namna nyingine ya kufeli ambayo haionekani kama kufeli. Kenneth Williams, katika kipindi hicho, alikuwa na kijisauti cha puani, chokozi, na hadhira ililipuka akifungua mdomo. Hancock mwenyewe hakufurahi. Alitaka vichekesho vitoke kwa watu wanaoaminika, na aliona vile visauti na misemo vinaigeuza dunia yake katuni. Sehemu ya Williams ikapunguzwa hadi akaondoka. Wapo mpaka leo wanaosema ulikuwa wivu. Mimi naelewa hofu yake: mhusika mdogo akishangiliwa kwa sababu ya sauti yake tu, waandishi wanaacha kumtafutia sababu ya kuingia.

Na hapo namrudia Shekue, kwa jambo ambalo hukuliuliza. Ile lafudhi ya Kisambaa mliyompakaza ni nzito mno. Wiki ya kwanza inachekesha, ya pili inavumilika, ya tatu watu wa Lushoto na Bumbuli wanaowasikiliza wanazima redio, nao wana haki. Mtu akitoka milimani akawa na namna yake ya kusema, sawa, Tanga ni mji wa watu wote. Lakini lafudhi ikiwa ndiyo mzaha wenyewe, mhusika hana kitu mfukoni. Redio ya Marekani ilijaa jambo hili. Katika Fibber McGee and Molly hiyo hiyo, kuanzia 1944, kulikuwa na mtumishi wa nyumbani Mweusi aitwaye Beulah, na aliyemwigiza alikuwa mwanamume Mzungu, Marlin Hurt. Alisimama studioni akiipa hadhira mgongo, zamu yake ikifika anageuka ghafla na kutoa sauti ya Beulah. Ukumbi ulipasuka. Mtu aliyekuwa nyumbani na redio yake alisikia kicheko kikubwa asijue kimetoka wapi. Acha kando kwamba mzaha ulisimama juu ya migongo ya watu wasioalikwa studioni; hata kama ufundi mtupu, kicheko kile kilikuwa cha macho.

Kijana wenu vilevile. Katika rekodi ya pili nasikia wenzake wanacheka kabla hajasema neno. Maana yake kuna anachofanya kwa mabega au uso. Mama anayekuna nazi Chumbageni haoni mabega. Wiki ijayo, wakati wa mazoezi, nyote mgeukie ukuta Shekue anaposema, ndipo mtajua mnacho nini.

Mara nyingine kinachokosekana ni uhuru wa kumjibu mkubwa. Eddie Anderson aliingia kwenye kipindi cha Jack Benny, mchekeshaji wa Marekani aliyejiigiza kama bahili, siku ya Pasaka 1937 kama mhudumu wa treni, sehemu ya siku moja. Alivuma, akarudishwa, akawa Rochester, mtumishi wa Benny, naye akawa miongoni mwa wanaopendwa zaidi kipindini. Miaka ya mwanzo waandishi walimbebesha mizaha ya kibaguzi ya zama zile, kamari na pombe, na baada ya vita mingi ilipunguzwa. Kilichodumu ni kwamba yeye ndiye alijua kilichomo ndani ya nyumba ya bahili yule, na alikuwa tayari kumwambia bwana wake wazi. Ubahili wa Benny tuliujua kupitia watu walioumizwa nao. Phil Harris, kiongozi wa bendi, alikuwa kinyume cha Benny: mnywaji, mtamba, asiye na aibu, anayemwita bosi wake kwa jina la utani. Mwaka 1952 Harris aliondoka, akaja Bob Crosby, mdogo wake mwimbaji Bing Crosby. Muungwana, sauti tamu. Kwa sikio langu ndipo pengo lilipoonekana, kwa sababu Benny hakuwa na la kuogopa wala la kuonea gere kwa mtu mpole. Upole redioni hausikiki.

Kwetu, waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka kichekesho cha Pwagu na Pwaguzi. Jina lake, lililotoka kwenye methali, lilikwishatangaza uhusiano kabla ya neno la kwanza: mjanja kakutana na mjanja zaidi. Na mwaka 1993 ikaja tamthilia ya redio ya Twende na Wakati, ambayo lengo lake lilikuwa elimu, uzazi wa mpango na UKIMWI. Hiyo iwe somo kwenu kwa sababu ya yule nesi wenu wa rekodi ya tatu, aliyeingia kueleza matumizi ya chandarua. Najua mdhamini kamtaka. Lakini tazama waandishi wale walifanyaje: mafunzo waliyabebesha Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, watu wenye tamaa na hasara zao. Mhusika anayeingia kutoa semina anakufa mlangoni, hata awe na sauti ya asali. Mpeni nesi sababu: Mzee Mbaruku kapewa vyandarua vya bure vya wapangaji, naye kavigeuza nyavu za kufugia kuku. Nesi anakuja kuhesabu. Semina yote itapita ndani ya ugomvi na mdhamini atafurahi.

Kuhusu kumwondoa Shekue: hapana, msimwondoe. Mpeni kiti kitupu. Mzee ni bahili na mwenye majisifu. Bi Tatu anaujua ukweli na humsuta, mpangaji anaudai. Nani katika nyumba ile anayaamini majisifu ya Mzee? Hakuna. Basi Shekue awe ndiye anayeamini kila neno, kwa moyo mweupe, na kulitangaza mtaani kwa fahari. Nimejaribu hivi, mrekebishe wenyewe:

MZEE: Nimeshakwambia, hilo si paa kuvuja. Ni jasho la bati.

SHEKUE: Hodi humu! Mzee Mbaruku, nimekuletea fundi.

MZEE: Fundi wa nini?

SHEKUE: Si ulisema jana barazani hela ya bati jipya unayo, iko chini ya godoro inakukosesha usingizi?

MZEE: Shekue...

SHEKUE: Nimemwambia asikupunguzie hata shilingi. Nimemwambia huyu mzee akipunguziwa bei anaona ametukanwa.

MPANGAJI: Chini ya godoro, Mzee?

SHEKUE: Upande wa ukutani.

Hana kichekesho hata kimoja hapo. Anasaidia tu. Harusi ya Pangani itunzeni, ni nzuri, siku moja mtaihitaji ikiwa Mzee ndiye aliyeahidi kuilipia.

Mambo madogo ya sauti. Shekue na mpangaji wanasikika kama mtu mmoja. Wote vijana, wote sauti ya kati. Mgeuzeni mpangaji awe mama mtu mzima, au mbadilishane waigizaji. Shekue akiingia atajwe jina ndani ya sentensi ya kwanza au ya pili, kwa sababu wengine ndiyo kwanza wamewasha redio. Na akiwa chumbani asinyamaze muda mrefu: redioni aliyenyamaza ametoka. Mkitaka mtu asiyesikika kabisa, huyo ni mwingine na ana raha yake. McGee alipiga simu miaka na miaka akizungumza na opereta aitwaye Myrt, na sauti ya Myrt karibu hatukuisikia kamwe; tulisikia upande wa McGee tu, tukamjua Myrt na ukoo wake. Yule binamu wa Maskati ambaye Mzee anamtaja katika rekodi ya kwanza anafaa kwa kazi hiyo. Msimlete kamwe. Apigiwe simu, na Mzee ajibu.

Msemo wa Tanga raha mpeni kondakta wa daladala au mtu wa kupita. Shekue mtafutieni jibu, na msilibuni mezani. Andikeni sehemu nne au tano za Shekue mpya bila msemo wowote, kisha msikilize ni maneno gani yanajirudia yenyewe kila Mzee akimaliza kujisifu. Mkiwa tayari nitumieni, na mwambie kijana wa Shekue safari hii mistari yake itakuwa michache.